Barua kwa mpwa wangu anayefikiria kazi ya fedha

Marahaba, mpwa wangu. Hongera tena kwa kumaliza chuo. Umeniuliza uingie kwenye fedha au uachane nazo, na nimeona nikujibu hadharani kwa sababu swali lako wanalo vijana wengi, na wengi wao wanajibiwa kwa haraka mno: "Nenda, huko kuna maslahi."

Maslahi yapo, sikatai. Lakini nikikuuliza unataka kazi gani hasa, unanijibu "fedha", kama vile ni kazi moja. Afisa mikopo anashinda na wakopaji na dhamana zao. Mkaguzi anaishi kwenye vitabu vya watu wengine, leo kampuni hii, mwezi ujao ile. Anayefanya kazi hazina anahakikisha taasisi haikosi fedha taslimu siku ya kulipa. Wapo wanaouza na kununua hatifungani (hati za mikopo ya serikali au kampuni), wanaokokotoa bima, wanaosimamia mifuko ya pensheni, wanaopima vihatarishi, wanaohakikisha sheria inafuatwa. Mtu anayeipenda kazi ya mmoja wao anaweza kuichukia ya mwingine kabisa. Kwa hiyo jina la sekta liweke pembeni kwanza. Uliza mtu wa kazi hiyo anafanya nini Jumanne saa nne asubuhi, siku ambayo hakuna lolote la pekee.

Hebu nikuoneshe Jumanne moja ya mchambuzi wa mikopo, kazi ninayoiheshimu kuliko hizo zote. Mezani kuna hesabu za miaka mitatu za mfanyabiashara wa vipuri anayeomba kuongezewa mkopo. Mauzo yanapanda kila mwaka, na faida nayo inapanda. Mtu wa haraka angeshapiga muhuri. Mchambuzi anafungua mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya biashara, na kuona wadaiwa wameongezeka kwa kasi kuliko mauzo. Maana yake mzigo unatoka lakini malipo hayaingii. Anaangalia bidhaa zilizoko ghalani, nazo zimerundikana. Halafu anafungua taarifa ya mtiririko wa fedha, na hapo ndipo habari yenyewe ilipo: biashara yenye faida nzuri kwenye karatasi imekuwa ikitumia fedha nyingi kuliko inazoingiza, na pengo limezibwa na mkopo uliotangulia. Sasa anaombwa azibe tena.

Kazi yake haijaisha. Anainua simu na kuuliza: nani hajakulipa, na kwa nini? Pengine mdaiwa mkubwa ni mmoja tu, mwaminifu, anayelipa kwa kuchelewa, na ufumbuzi ni mkopo mfupi unaoendana na siku zake za malipo. Pengine wadaiwa ni wengi na nusu yao hawatalipa kamwe. Namba ni zilezile, uamuzi ni tofauti kabisa. Kama moyo wako umechangamka uliposoma aya hizi mbili, unayo sababu nzuri ya kuendelea. Kama umezipita haraka ukitafuta nitakaposema mshahara, zingatia hilo pia.

Unaniambia unataka kuanzia kwenye uwekezaji wa kibenki, yaani kuzisaidia kampuni kutafuta mitaji na kununuana, kwenye mikataba mikubwa. Ni kazi halali na ngumu, na atakayeiweza hufunzwa mengi kwa muda mfupi. Ila ujue inachukua nini. Mwaka 2021 wachambuzi 13 wa mwaka wa kwanza wa Goldman Sachs, benki ya uwekezaji ya Marekani, walijiuliza wenyewe maswali kuhusu kazi yao na kuyapeleka majibu kwa wakubwa wao: walikuwa wakifanya kazi zaidi ya saa 90 kwa wiki na kulala kama saa tano kwa usiku. Mtu akikwambia atakulipa vizuri, gawanya malipo hayo kwa saa kabla hujafurahi.

Mimi ningekushauri uanzie nyuma ya pazia, mahali ambapo miamala inalinganishwa na kufungwa. Najua vijana hawapataki. Wanapaita kazi ya karani. Lakini huko ndiko utakakojifunza fedha inavyotembea: inatoka akaunti gani, inapumzika wapi, nani ameidhinisha, na kwa nini leja yetu, yaani daftari la hesabu, inasema kiasi hiki na benki inasema kile. Utajua vitu vidogo ambavyo darasani hugusiwa juu juu. Kwa mfano, tofauti isiyoeleweka ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, mara nyingi kuna mtu amegeuza tarakimu. 7,530 imeandikwa 7,350, tofauti ni 180, na badala ya kupekua kila karatasi unaanza kutafuta tarakimu zilizopishana. Programu za kompyuta sasa zinalinganisha sehemu kubwa ya miamala zenyewe, na hilo lisikutishe. Inayobaki ni ile miamala iliyokataa kulingana, na hiyo inahitaji mtu anayejua kuuliza.

Tena ni mahali pa kulinda taasisi nzima. Benki ya Barings ya London ilianzishwa mwaka 1762 na ikaanguka Februari 1995, kwa hasara ya pauni milioni 827 iliyosababishwa na mfanyabiashara wake mmoja wa Singapore, Nick Leeson. Alizificha hasara kwenye akaunti namba 88888. Aliwezaje? Yeye ndiye aliyekuwa akinunua na kuuza, na yeye ndiye aliyesimamia ofisi iliyopaswa kuhakiki manunuzi na mauzo yake. Benki ikauzwa kwa ING, kampuni ya fedha ya Uholanzi, kwa pauni moja. Kabla ya kuanguka, makao makuu ya London yaliendelea kumtumia fedha alizoomba, na maswali hayakuulizwa kwa ukali uliostahili. Kila nikifikiria habari hii, nawafikiria makarani ambao wangeweza kuizuia kama wangekuwa na mamlaka ya kusema: hii hailingani, silipi.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye jambo linalonisumbua zaidi juu yako, kwa sababu nakufahamu na najua hupendi kuwaudhi wakubwa. Katika kazi hii utapewa malengo. Mwaka 2016 benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi wake walifungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba, ili wafikie malengo ya mauzo. Wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa katika miaka iliyotangulia. Wengi walikuwa wafanyakazi wa ngazi za chini, wenye bosi aliyedai namba. Kwa hiyo kwenye usaili usiulizwe tu, uliza na wewe: malengo ya nafasi hii ni yapi, na mtu asipoyafikia hufanywa nini? Jibu likizungushwa, tafuta kwingine, hata kama ofisi ina vioo vizuri.

Kuhusu vyeti, usikimbilie. CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ina ngazi tatu za mitihani na inadai saa 4,000 za kazi zinazohusika, ndani ya muda usiopungua miezi 36, kabla hujaruhusiwa kuweka herufi hizo baada ya jina lako. Inamfaa anayechambua uwekezaji. Anayetaka ukaguzi ana njia ya uhasibu, na wa bima ana yake. Chagua kazi kwanza. Kwamba shahada yako si ya biashara, hilo ni dogo. Mizania inajifunzika kwa anayekaa nayo, na wewe unaandika vizuri, jambo ambalo kamati za mikopo hulililia.

Sasa nina kazi ya kukupa. Chagua kampuni yoyote iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa, pakua taarifa yake ya mwaka, ruka picha na barua ya mwenyekiti, anza na maelezo ya hesabu mwishoni. Kisha niandikie ukurasa mmoja: ungeikopesha au hapana, na kwa nini. Nitumie kabla hujatuma ombi lolote la kazi. Nitakupinga kila mstari, na mama yako asiingilie.

Mjomba wako