Maporomoko utayaona, lokesheni sikutumii

Kapchorwa,
Jumapili jioni

Swahibu yangu wa tangu kambini,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama watoto na wote wa nyumbani hapo Kampala. Sisi huku ni wazima, ila baridi inatunyanyasa. Kahawa imeanza kuiva, na kila ua una turubai limetandazwa, hata kuku hana pa kupita.

Ujumbe wako wa simu niliusoma nikaona jibu lake halitoshi kwenye kioo, ndipo nikamnyang'anya mtoto karatasi mbili za daftari la hesabu. Unataka nikutumie lokesheni ya yale maporomoko ya maji uliyoyaona kwenye picha. Wewe na wenzako wa kazini mnakuja Desemba, Sipi hamuitaki kwa kuwa imejaa watalii, mnatafuta mahali pasipo geti wala tiketi, mfike, mwoge, mchome nyama, mrudi. Halafu ukamalizia na ule ubishi wako wa siku zote: mto ni wa Mungu, nani ataniuliza?

Atakayekuuliza ni mzee mwenye shamba la kahawa, na atakuuliza akiwa na panga mkononi kwa sababu wakati huo atakuwa anapogolea mibuni. Lokesheni sikutumii. Kukupeleka nitakupeleka, tena kwa furaha, lakini kwanza soma barua hii mpaka mwisho.

Kuhusu mto, hujakosea sana. Ibara ya 237 ya Katiba yetu ya 1995 inasema serikali inashika mito na maziwa ya asili kwa niaba ya wananchi wote. Kwa hiyo yale maji yanayoanguka pale si ya mzee, na yeye mwenyewe hajawahi kudai ni yake. Lakini ibara hiyohiyo inaanza kwa kusema ardhi ya Uganda ni ya raia wake, na inataja njia nne za kuimiliki: kimila, frihodi yaani milki ya kudumu, mailo ya kule Buganda, na lizi yaani ya kukodi kwa muda. Huku kwetu nyingi ni ya kimila. Mashamba mengi hayana hati, yana babu aliyezikwa pale juu, mti wa mpakani na majirani wanaojua. Ninyi wa Kampala mkisikia hakuna hati mnadhani hakuna mwenyewe.

Na najua utaniletea zile mita 30, maana mwaka juzi uliniletea kwenye simu. Ndiyo, kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 30 kando ya mito mingi, na mita 100 kwa ile mikubwa iliyoorodheshwa. Zile kanuni zinambana mwenye shamba asilime mpaka ukingoni wala asijenge. Hazikukatii wewe njia ya kupita katikati ya kabichi zake ufike huko ukingoni. Kutoka barabara ya lami hadi kwenye yale maji unakanyaga mashamba ya watu wasiopungua watatu, na mmoja wao ni mama mjane ambaye njia inapita kati ya jiko lake na choo chake. Hebu fikiri wenzako wanane wakikatiza hapo asubuhi na spika ya muziki.

Sasa nikueleze kwa nini watu wa huku wakimwona mgeni shambani wanashtuka kuliko wa kwingine. Kuna mambo mawili.

La kwanza ni mipaka. Mwaka 1983 serikali ilitenga kipande cha msitu wa Elgon kwa ajili ya Wabenet, ndugu zetu sisi Wasabiny wa huku Kapchorwa, waliokuwa wakiishi juu mlimani. Mlima ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993 mstari ukapimwa upya, na familia nyingi zikaambiwa ziko upande usio wao. Kukafuata kufukuzwa, na kesi, hadi mwaka 2005 Mahakama Kuu kule Mbale ikawatambua kuwa wenyeji wa asili wa mlima. Mpaka leo jambo hilo halijapoa midomoni mwa watu. Sasa wewe unatokea, hakuna anayekufahamu, unatembea taratibu ukitazama ramani kwenye simu, unasimama, unapiga picha ya mti wa mpakani kwa kuwa umechanua vizuri. Unajua unafanana na nani? Unafanana na mpimaji. Nimeona kijiji kizima kikitoka kwa ajili ya kijana mmoja aliyekuwa akitafuta tu mtandao.

La pili ni kahawa yenyewe. Tangu bei ipande, wezi wameacha kungoja ikauke. Wanaichuma usiku ikiwa mtini, mbivu kwa mbichi, na kuvunja matawi. Kuna wazee wanaolala shambani na tochi. Desemba unayotaka kuja ndiyo ya mavuno. Mgeni mwenye begi kubwa mgongoni, ndani ya mibuni, bila mwenyeji, hana maelezo yatakayoeleweka. Akijieleza kwa Kiingereza ndiyo anaharibu zaidi. Kiswahili kitakusaidia, huku karibu na Suam, mpakani na Kenya, watu wengi wanakisikia, lakini na wezi wanakijua.

Msimu uliopita walikuja vijana na magari mawili. Lokesheni waliipata kwa mtu aliyepiga picha nzuri akaibandika pamoja na alama ya mahali. Hawakusimama senta, hawakumwona mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, waliegesha gari juu ya turubai la kahawa ya mtu. Wakapandisha droni. Ile droni ikaning'inia juu ya mahali wasichana wanapoogea, chini kidogo ya maporomoko, palepale wanapochota maji jioni. Droni yenyewe hapa nchini inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na sidhani walikuwa nacho, lakini tuseme walikuwa nacho: kibali cha angani hakimfuniki msichana. Wakaoga na sabuni juu ya mahali bomba la kijiji linapochukulia maji. Wakaacha chupa. Sitaki kukuchosha na mengine.

Walipoondoka, mzee akafunga njia kwa miiba. Na aliyeumia si wao, walikuwa wamesharudi mjini wakihesabu waliopenda picha zao. Walioumia ni watoto wa shule waliokuwa wakipita njia ya mkato pale, wakalazimika kuzunguka barabarani, na kina mama wa ng'ambo waliokuwa wakichota maji hapo. Mambo yalipatana baada ya kikao cha mwenyekiti na wazee wa pande zote, na soda nyingi. Sasa njia iko wazi, lakini kwa sharti la kimdomo kwamba mgeni apite na mtu wa kijiji. Mimi nilikuwa mmoja wa walioahidi. Ndiyo sababu hata jina la pale siliandiki katika barua hii, maana nakujua, utaisoma kwa sauti ofisini.

Unasema hutaki kulipa. Hapo nitakupa nusu ya haki. Sipi kwenyewe, ukitaka kuyaona maporomoko yote matatu, lile kubwa la karibu mita 100 na yale mawili ya juu, unapita shamba baada ya shamba, na kila mwenye shamba ana kijipesa chake. Mgeni anachoka. Wako na wajanja wanaosimama kwenye njia wasiyokuwa na shamba, wakanyoosha mkono. Nakubali, inaudhi, na nimewaambia wenyewe usoni. Lakini uliza zile ngazi za miti za kushukia genge nani alizijenga, na mvua ikizing'oa nani anazirudisha. Nani anakata vidato kwenye udongo, nani anaweka gogo la kuvukia? Hakuna ofisi inayofanya hayo. Pesa unayolipa ni ya hiyo kazi, na ya mistari ya kahawa ambayo mzee hakuipanda ili njia ipite. Dawa yake ni kupatana na kiongozi wa njia kabla hamjaondoka senta: kiasi gani kwa jumla, kiingie nini, kipi si ndani. Ukishapatana hutoi tena mfukoni njiani, yeye ndiye anayegawa.

Kama unataka risiti na geti, basi nenda Chebonet, iko ndani ya hifadhi upande wa Kapkwai. Unalipa watu wa UWA, mamlaka ya wanyamapori, unapewa mgambo, umemaliza. Ni pazuri na pametulia. Na siku hiyohiyo ya kuja, mkitoka Kampala, pindeni kidogo barabara ya Jinja muone Ssezibwa. Si marefu, lakini ni mahali pa heshima kwa Waganda, watu wa Buganda. Wanasimulia kwamba mwanamke aitwaye Nakangu alijifungua mapacha, wakawa mito miwili, Ssezibwa na Bwanda. Utakuta watu wamekaa kwenye mawe wakiomba, na wahudumu watakwambia wapi uvue viatu na wapi usipige picha. Wenzako wakianzia hapo, wakijifunza kuuliza, kazi yangu itapungua.

Wewe hasa ndiye nisiyetegemea uniulize "nani ataniuliza". Tumekulia kambi ya jeshi Jinja. Unakumbuka maporomoko ya Bujagali, wale vijana waliokuwa wakirukia maji na jerikeni iliyofungwa, wanatokea chini ya mawimbi, halafu wanazungusha kofia kwa watalii? Na baba yako alivyotukataza kusogea kwenye mawe fulani kwa sababu ya mizimu ya Bujagali, ingawa alikuwa mtu wa swala tano? Bwawa la umeme lilipojazwa mwishoni mwa mwaka 2011 yakazama yote. Lakini hata wenye bwawa, na mabilioni yao na karatasi zao, iliwabidi kukaa na wenye mashamba, na iliwabidi kukaa na wazee wa mizimu kwa matambiko. Wewe na friji yako ya bia mtashindwa kukaa dakika kumi na mwenyekiti wa LC1?

Basi ukikubali, mpango ni huu. Niambie idadi ya watu mapema, na isizidi sita. Njia haibebi zaidi, kwa sababu udongo wa huku ukishakanyagwa sana na mvua ikaukuta, unateremka. Nadhani unakumbuka Nametsi kule Bududa, Machi 2010, na Bulambuli Novemba 2024. Hatusemi wageni ndio walioleta maporomoko ya udongo, Mungu apishe mbali, lakini mtu ambaye ameona kilima kikilala juu ya jirani yake hapendi kuona njia ikipanuliwa shambani mwake kwa miguu ya watu wasio na haraka.

Laleni Mbale au laleni Sipi, tuanze asubuhi. Mchana mvua huweza kunyesha juu mlimani na huku chini jua linawaka. Mto unajaa ghafla, na wanaooga kidimbwini ndio wa mwisho kujua. Mawe yana ukoga wa kijani, kwa hiyo hakuna sandozi wala raba zile nyeupe za kupigia picha. Njoo na gamubuti au viatu vyenye meno. Nyama hatuchomi kule. Tutachomea kwangu, mke wangu ameshakubali. Sabuni ibaki hotelini. Picha pigeni, za maji na za nyuso zenu, na kabla ya kumpiga mtu muulizeni. Mkibandika, andikeni mlimani Elgon, yatosha.

Tukifika kwa mzee nitatangulia mimi. Usiingie uani kabla hajaitika. Atakupa kiti, kaa, hata kama mguu unawasha kwenda majini. Atataka kujua wewe ni wa wapi na baba yako ni nani, na ukimtajia kambi ya Jinja utamfurahisha, maana alitumikia jeshi zamani, naye Kiswahili chake ni kilekile cha gwaride. Usimpe pesa mbele ya watoto kama unayemtuza. Sukari kilo mbili na sabuni ya mche vitapokelewa vizuri, malipo ya njia atapewa na kiongozi. Na kuna siku atakwambia leo hapana: wana msiba, au wana kikao cha ukoo, au kahawa imejaa uani. Hapo tunaaga na kugeuka, hatumbembelezi. Mwaka wa tohara ndiyo usiseme; kwa Wagisu hapo chini miaka ya imbalu ni ile inayogawanyika kwa mbili, na vinamasi ambako vijana hupakwa matope si mahali pa kwenda na kamera bila kualikwa. Uliza kwanza.

Kuhusu yule mwenzako mwenye droni, aiache Kampala. Kama anaona safari bila droni haina maana, abaki nayo.

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi ili nikazungumze na mwenyekiti, maana naye Desemba hashikiki. Na mkipita Mbale nunulieni mchele huko huko, wa huku bei imepanda. Msalimie mama, mwambie mguu wangu umepona.

Ni mimi nduguyo,
wa bloku ya pili, mlango wa mwisho