Usonji na OCD havihitaji msaada wa namna moja

Mhariri,

Kila ifikapo tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, tunasikia mengi kuhusu watoto wenye usonji (autism, hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti, inayogusa mawasiliano na kumfanya mtu ashikilie utaratibu uleule), na ni jambo jema. Lakini watoto hao hukua na kutafuta kazi, na baadhi yetu tunaishi pia na OCD, yaani maradhi ya fikra zinazomjia mtu bila hiari na kumlazimisha arudie tendo fulani mpaka moyo utulie. Mimi ni mmoja wao, na kazi yangu ni kuchonga nakshi za milango hapa Lamu.

Hali hizi mbili hufanana machoni pa watu. Patasi zangu hupangwa kwa ukubwa na kushikwa kwa mpangilio uleule kila asubuhi. Huo ni usonji: utaratibu huo hunipa raha na kuinyoosha kazi yangu, na anayeuvuruga kwa mzaha hunipotezea nusu ya siku. Kumwuliza fundi mkuu tena na tena kama kipimo ni sahihi, ilhali nimekwisha kukipima, ni jambo jingine kabisa. Hapo hapana raha, pana hofu. Na kila nijibiwapo, hofu hiyo hutulia kidogo kisha hurudi na nguvu zaidi, hata ikawa wema wa kunijibu ndio unaoilisha. Tumekubaliana anijibu mara moja tu. Siku nyingine bado ni vigumu.

Hatukubuni njia hii karakanani. Tiba ya OCD inayoaminika zaidi humfundisha mgonjwa kuikabili hofu yake hatua kwa hatua bila kulitenda lile linaloituliza, pengine pamoja na dawa za daktari. Na kwa mwenye usonji, hatua hizo hufaa zielezwe waziwazi, kwa maandishi au michoro. Wala si geni kwetu: mwenye wasiwasi wa udhu huambiwa na masheikh asirudie, kwa kuwa yakini haiondolewi na shaka. (Wapo wanaodai kuwa ni upungufu wa imani. Si kweli, na maneno hayo huumiza.)

Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 27 kinataka mahali pa kazi parekebishwe kwa kadiri inayofaa. Kwangu marekebisho hayo ni kona iliyo mbali na kelele za mashine, maagizo yaliyoandikwa, na kuarifiwa mapema mteja anapobadilisha mchoro. Nawaomba waajiri, kabla ya kumkataza mfanyakazi jambo analolirudia, wamwulize kwanza kama linampumzisha au linamtesa.

Mchonga nakshi,
Langoni, Lamu