Kwa wanangu mnaosomea Sayansi Kimu Mombasa

Wanangu,

Juzi mmoja wenu alipita hapa Kibokoni kunisalimu. Nikamuuliza anasomea nini chuoni. Akainamisha macho, akasema, "Mambo ya hoteli, bibi." Mamake aliyekuwa naye akamkatiza: "Si Sayansi Kimu wewe?" Mtoto akacheka kicheko cha aibu, akabadilisha mazungumzo. Nimekaa na kicheko kile siku tatu, na barua hii ndiyo iliyotoka.

Aibu hiyo naijua. Nilipopata nafasi ya kwenda bara kusoma, mjomba wangu mmoja alisema mbele ya watu, "Binti anapandishwa gari la moshi usiku kucha akajifunze kupika? Kwani hapa hakuna jiko?" Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza, maana sikuwa na la kumjibu. Miaka ile vyuo vya kusomea somo hili, la chakula, lishe na matunzo ya nyumba, kwa kiwango cha juu vilihesabika. Kenyatta ilikuwa bado chuo kikuu kishiriki, chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mpaka 1985 iliposimama peke yake. Egerton kule Njoro, iliyoanza 1939 kama shule ya kilimo ya walowezi, ilitoa stashahada. Iligeuka chuo kikuu kishiriki 1986 na chuo kikuu kamili mwaka uliofuata. Mwambao hatukuwa na kitu. Leo ninyi mnatoka nyumbani na matatu, mnasoma, na adhuhuri mnarudi kula kwenu.

Basi nikaenda. Tukafundishwa pai, pudingi, keki za kila namna, kwa aunsi na oveni za umeme, na namna ya kutandika meza ambayo kwetu hakuna aliyekuwa nayo. Sisemi ilikuwa kazi bure. Lakini niliporudi na cheti changu, shangazi yangu, aliyekuwa mpishi wa maharusi na hakujua kusoma, aliniketisha chini akaniuliza swali moja tu: "Haya mwanachuoni, pishi ya mchele hula watu wangapi? Na tui lake nazi ngapi?" Sikujua. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Haba na haba hujaza kibaba," akasema, "lakini kibaba hujaza matumbo mangapi, hujafundishwa!"

Nilikasirika. Usiku ule nikachukua pishi yake, kile chombo cha kupimia nafaka, na mizani ndogo niliyokuja nayo, nikapima. Pishi ni vibaba vinne, hilo kila mtu wa umri wangu analijua. Lakini pishi ya mchele, pishi ya unga na pishi ya kunde hazilingani kwa uzito, kwa kuwa pishi hupima ujazo. Shangazi alikuwa akilijua hilo mkononi bila ya kulisema: unga aliushindilia, mchele akauacha umwagike ukingoni. Nikaandika kila kitu katika daftari. Asubuhi nikamsomea. Alisikiliza, akanisahihisha mahali pawili, na hakunicheka tena. Somo nililosafiri usiku kucha kulifuata nilianza kulielewa pale sakafuni.

Na hili ndilo ninalotaka mlishike: kazi yenu ni kupima. Kupika, mama zenu wanajua kuliko ninyi. Na hilo neno kimu mnaloliona la zamani ndilo lile mnalolitumia kila siku mkisema mtu anatafuta cha kujikimu.

Wengi wenu mnadhani somo hili lilizaliwa kwenye keki. Lilianzia kwenye chupa ya maji. Ellen Swallow Richards alikuwa mkemia, mwanamke wa kwanza kuhitimu katika chuo cha MIT cha Marekani, mwaka 1873. Alipima maelfu ya sampuli za maji ya jimbo la Massachusetts kujua yapi yamechafuka na yapi yanafaa kunywewa. Mama huyo huyo ndiye aliyewakusanya wenzake Lake Placid, huko huko Marekani, mwaka 1899, na mikutano iliyoanza pale ndiyo iliyolipa somo letu sura yake ya chuo kikuu. Sasa nitazameni Mombasa. Kuna maji ya bomba, yanayotoka mbali, mengine mpaka chemchemi za Mzima, na yakikatika hukatika wiki. Kuna maji ya mikokoteni, mitungi ya lita ishirini ambayo hujui imejaziwa wapi. Kuna visima vya Mji wa Kale na mitaa mingine, vya chumvi, ambavyo sabuni haitoi povu kwavyo, na vingi vimechimbwa hatua chache kutoka chooni. Mkisema hamna cha kutafitia, nitawashangaa. Chukueni chupa tatu.

Niwape na kisa cha jodari, maana nakumbuka kila nikialikwa arusi. Zamani kidogo, mtaa wa pili kutoka hapa, watu walikula jodari wa mchuzi, na haikupita saa moja nyuso zikawa nyekundu, kichwa kinagonga, ngozi inawasha, mmoja anatapika. Ikasemwa ni jicho, eti bwana arusi alikuwa na hasidi. Nikaenda jikoni nikauliza samaki kaletwa lini. Kaletwa alfajiri, kawekwa juu ya meza, kapikwa baada ya adhuhuri. Hasidi mwenyewe nikamwona: jua. Jodari asiyewekwa barafu, bakteria hugeuza sehemu ya protini yake kuwa histamini, na histamini haiondoki kwa moto, uchemshe utakavyo, utie ndimu na pilipili utakavyo. Alichokosa ni barafu tangu pale forodhani. Nilipowaeleza, wazee wawili waliniambia niache ukafiri. Lakini arusi iliyofuata katika nyumba ile nililiona sanduku la barafu, na hakuna aliyesema limetoka kwa nani. Hivyo ndivyo somo letu linavyoingia nyumbani, kwa mlango wa nyuma. Msingoje makofi.

Na msiende kwa watu na kiburi cha chuo. Kuna mengi bibi zenu waliyapata kabla ya maabara. Muhogo mchungu waliuroweka na kuuanika kabla ya kuula, wakaiondoa sumu yake bila kuijua kwa jina. Lakini pia msiwasujudie. Mahamri kwa mbaazi za nazi, na bilauri ya chai ya rangi pembeni, ni asubuhi yetu tangu lini sijui, nami siiachi. Hata hivyo mbaazi zina madini ya chuma, na tanini ya chai huyazuia yasiingie mwilini. Mama mjamzito aliyeambiwa kliniki kwamba damu ni haba, mwambieni aikamulie mbaazi ndimu, au ale na kipande cha embe, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kuingia, na chai aisogeze mbele kama saa moja. Haitaki shilingi ya ziada. Mkimwambia ale maini na tufaha, kama baadhi ya vitabu mnavyonakili, atawaitikia vizuri na asifanye lolote.

Sasa la hoteli. Siwachukii wenye hoteli, wamelisha nusu ya pwani hii. Ila naona idara za Sayansi Kimu zinavyovutwa kule taratibu: jina linabadilishwa, mafunzo ya kazini yote ni ufuoni, mwalimu anayejua lishe ya watoto hana vipindi, anayejua kupamba bufee ana vingi. Mnasahau kuwa ufuo huu una misimu yake ya njaa. Ulinyauka 1997 baada ya vurugu za Likoni, ukanyauka 2014 serikali za nje zilipowaonya raia wao wasije, na 2020 korona ilifunga hata milango iliyokuwa haijawahi kufungwa. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa hodari wa kukunja vitambaa vya meza vikawa bata maji, ungedhani vitaruka. Mwaka ule wa korona alikuja kwangu akaniuliza unga kilo mbili hutoa mahamri mangapi, na auze ngapi ndipo asile hasara. Miaka minne ya chuo! Tukakaa na kalamu: unga, nazi, iliki, sukari, mafuta, makaa. Nikamuuliza, na saa zako tangu saa kumi za usiku, umezihesabu? Hakuwa amezihesabu. Biashara ile anayo hadi leo, na sasa ana daftari.

Kazi zipo nje ya hoteli, mkitaka kuziona. Wodi za hospitali zinapika kila siku. Shule za bweni zinapika. Chekechea siku hizi ziko chini ya kaunti, na mtoto wa chekechea asiyekula vizuri hasikii somo. Kwenda huko hakupendezi kwenye picha za simu, najua.

Kuhusu shule sitasema mengi. Kuanzia 1985, chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4, mvulana na msichana wa shule ya msingi wote walisoma Sayansi Kimu, na mpaka leo nakutana na makuli wa bandarini wanaonionyesha vifungo walivyojishonea. Baadaye somo likatolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, likarudi na mtaala wa umilisi, na mwaka 2024 likaunganishwa na kilimo likaitwa Kilimo na Lishe. Jina la nyumba limetoka mlangoni. Wavulana mliomo darasani humo, mko wachache, lakini msijifiche nyuma. Washonaji wa kanzu na wakaanga pweza wa mji huu ni wanaume, na hakuna anayewacheka.

Walimu vijana, neno moja kwenu. Msiwatahini watoto hawa kwa kitabu kilichoandikiwa jiko lisilo letu. Wapelekeni soko la Kongowea alfajiri wakaone mchicha unavyomwagiwa maji, na maji yale ni ya wapi. Wapeni kazi ya mwaka mzima katika nyumba moja ya mtaa wa Majengo, wakaandike kinachonunuliwa, kinachopikwa, kinachotupwa, na nani anakula mwisho. Hilo la mwisho waliandike hata kama baba mwenye nyumba atanuna.

Pishi ya shangazi ninayo bado, imeliwa na wadudu ukingoni lakini inapima. Daftari pia lipo, na kurasa zake nyingi hazijawahi kurudiwa na mtu mwingine kuona kama nilikosea. Njooni Jumamosi baada ya alasiri, mje na mizani. Mbaazi zitakuwapo, na ndimu. Chai nitaipika baadaye.

Bibi yenu,
mwalimu mstaafu, Kibokoni