Siku ya pencheni waulizeni wazee wetu wanalala vipi

Mhariri, assalaam alaykum. Mi msomaji wenu niko Wete, kuna jambo limenikaa kifuani muda mrefu naomba nafasi nilitoe.

Mamaetu ana miaka 74. Zamani humkuti kakaa hivihivi, mkononi ana ukili wa mkeka, akizungumza anasuka, akisikiliza redio anasuka. Babaetu alipofariki akakaa eda yake miezi minne na siku kumi, nyumba haikupungua watu, alipotoka tu kila mtu akarudi kwake. Toka hapo ule ukili ukabaki umetungikwa msumarini, nusu umesukwa nusu ukindu mtupu, ukakauka mpaka ukiushika unakatika. Sisi watoto tunapita pale kila siku, tunauona, na hatukufahamu kitu.

Yeye alikuwa akilalamikia mwili tu. Kichwa kinamgonga, kifua kinambana, usiku macho makavu, chakula hakipiti. Tukampeleka hospitali moja sitoitaja, akapimwa presha, sukari, malaria, vyote salama, tukaambiwa uzee huo, tukapewa panadol tukarudi. Jirani akasema katupiwa kitu, tukasoma dua, na dua mpaka leo siiachi. Halafu akaanza kusahau, anaweka funguo hajui kaweka wapi, hapo sote tukajua basi akili ndo inaondoka.

Shemeji yetu mmoja ni muuguzi, alikuja kututembelea akakaa nae mkekani akamuuliza, Bimkubwa, kitu gani ulikuwa ukikipenda na sasa hukitaki? Mama akanyamaza kitambo, akasema mwanangu sitaki chochote, nasubiri tu nimfuate mwenzangu. Mi nlikuwa mlangoni na sinia la chai, miguu ikaniisha nguvu.

Kumbe ni sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka (depression), na sonona ni maradhi kama presha ilivyo maradhi. Kwa mtu mzima mara nyingi haiji kwa kilio, inakuja kwa maumivu ya mwili, kukosa usingizi, kususa chakula, hata kusahau, na kusahau kwa namna hiyo kunaweza kupungua akitibiwa, si sawa na yale maradhi ya ubongo yanayokula kumbukumbu kidogo kidogo mpaka mtu hamjui mwanawe. Ndo maana apimwe kwanza, asihukumiwe kwa umri wake. Shirika la Afya Duniani linasema katika watu wa miaka 70 na zaidi, kama 14 katika kila 100 wana tatizo la afya ya akili, sasa hebu kila mtu ahesabu wazee wa mtaani kwake.

Mama alipewa dawa na mtu wa kuzungumza nae kila wiki. Wiki ya kwanza hatukuona kitu tukataka kuziacha, bahati daktari alishatwambia zinachukua wiki kadhaa, na asiziache ghafla. Sasa analala. Juzi kaniagiza ukindu mpya.

Ninachoomba ni hiki. Serikali yetu ya Zanzibar toka 2016 inawapa wazee wa miaka 70 pencheni jamii, ilianza shilingi 20,000 sasa ni 50,000, kheri kubwa mno na Mungu awalipe. Kwetu siku ya malipo wazee wanatoka, wengine hiyo ndo siku pekee wanayovaa kutoka nyumbani, wanakaa kwenye foleni masaa. Pale pale awekwe muuguzi mmoja aliyefundishwa awaulize, unalala? unakula? nani anakuja kuzungumza na wewe? unasikia vizuri? (maana mzee asiyesikia anajitenga barazani na watu wanasema ana kiburi). Akiona mtu hayuko sawa amwandikie rufaa na sheha, kiongozi wa mtaa, amwambie mtoto wake. Usiseme wapelekwe Kidongo Chekundu tu, hospitali ya maradhi ya akili kule Unguja, kwa mtu wa Pemba hiyo ni boti na nauli na mtu wa kumsindikiza, na jina lile watu bado wanalisikia wazimu, mzee atakataa kabla hujamaliza kusema.

Malipo ya mwezi huu hayajatoka, muda wa kumtafuta muuguzi huyo upo.

Wasalaam,
Msomaji wenu, Wete, Pemba