Kabla ya kuyang'oa masale ya babu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu tulipomzika babu yangu kihambani kwetu, yaani kwenye shamba la ukoo, mkoani Kilimanjaro. Mhubiri aliyepewa dakika chache za kuwafariji wafiwa alitumia karibu saa nzima kutuambia kwamba marehemu, ingawa alibatizwa, alikufa akiwa mwabudu sanamu kwa kuwa alikuwa na desturi ya kumwaga mbege, pombe yetu ya ndizi, kidogo chini kabla ya kunywa, na kwamba masale, mimea iliyozunguka makaburi ya wazee wetu, hayana budi kung'olewa kabla laana haijawafikia wajukuu. Bibi alikuwa ameketi mbele yake, shuka jeusi mabegani, akisikia kila neno.

Mimi ni Mkristo na sitetei tambiko. Amri ya kutojifanyia sanamu ya kuchonga iko wazi katika Kutoka 20, na Paulo anawaonya Wakorintho kwamba sadaka za mataifa hutolewa kwa mashetani. Ninachokataa ni kuichukua hukumu ambayo Maandiko yanaielekeza kwanza kwa watu wa Mungu wenyewe, na kumtwisha marehemu ambaye hawezi tena kujitetea.

Tuitazame ndama ya dhahabu, kisa ambacho wahubiri wetu wanakipenda. Waliomshurutisha Haruni aifanye ndama ile walikuwa wametoka juzi tu kuvushwa Bahari ya Shamu, na Haruni alipoona wameifurahia alitangaza kwamba kesho yake ingekuwa sikukuu kwa Bwana. Hawakudhani kwamba wamehamia dini nyingine. Walidhani wanamwabudu Mungu wao kwa namna inayowapendeza macho. Mfalme Yeroboamu naye, alipoweka ndama mbili, moja Betheli na nyingine Dani, aliwaambia watu kwamba hiyo ndiyo miungu iliyowatoa Misri. Hata nyoka ya shaba, ambayo Musa aliitengeneza kwa agizo la Mungu ili walioumwa na nyoka wapone, ilifika wakati ikafukiziwa uvumba na Waisraeli, hata mfalme Hezekia akalazimika kuivunjavunja. Kitu kilichotoka kwa Mungu mwenyewe kiligeuka sanamu miongoni mwa watu wa Mungu. Nikikumbuka chupa za mafuta na vitambaa vya upako vinavyouzwa siku hizi kwenye baadhi ya mikutano ya injili, huku wagonjwa wakiambiwa wasivitoe chini ya mto, ninaona kwamba nyoka ile inatuhusu kuliko masale ya babu. Na Paulo, akiwaandikia Wakolosai, anaiita tamaa ya mali kuwa ni ibada ya sanamu, lakini sijapata kusikia neno hilo likihubiriwa kwenye mazishi ya tajiri.

Neno "mpagani" lenyewe linahitaji uangalifu. Limetoka katika Kilatini, ambako lilimaanisha mtu wa kijijini. Biblia yetu ya Kiswahili hutumia zaidi neno "Mataifa", yaani wote wasio wa uzao wa Israeli, na kwa kipimo hicho mhubiri yule, babu, mimi na wewe Mhariri tungekuwa kundi moja. Waraka kwa Warumi, baada ya kueleza katika sura ya kwanza jinsi wanadamu walivyoubadili utukufu wa Mungu kwa mifano ya ndege na wanyama, unamgeukia msomaji mwanzoni mwa sura ya pili na kumwambia kwamba yeye anayehukumu hana udhuru.

Paulo huyohuyo alipofika Athene na kuukuta mji umejaa sanamu, Luka anasema roho yake ilichukizwa sana. Hakufurahia alichokiona, na sidai kwamba alifurahia. Lakini aliposimama Areopago alianza na madhabahu yao ya Mungu asiyejulikana, akanukuu maneno ya mtunzi wao kwamba sisi sote tu wazao wake. Mtunzi huyo, Aratus, alikuwa akimsema Zeu. Paulo alilichukua neno hilo na kulielekeza kwa Mungu aliye hai, bila kuwaita wazee wao majina mabaya. Wachaga wanaofahamu lugha yao wanajua jambo hilo lina ndugu yake hapa kwetu, kwa maana jina Ruwa, ambalo kanisa lilimtajia Mungu katika Kichaga, lina undugu na neno la jua, na hakuna anayesema kwamba waumini wa mlimani waliabudu jua. Kule Efeso, ambako Demetrio na wafua fedha wenzake walizua ghasia kwa kuhofia biashara yao ya vihekalu vya Artemi, karani wa mji ndiye aliyewashuhudia wenzake Paulo kwamba hawakuiba vya hekalu wala kumtukana mungu wa kike wa Waefeso. Natamani majirani zetu wangeweza kutushuhudia hivyo.

Mhubiri alimtaja Gideoni, aliyeibomoa madhabahu ya baba yake, na hoja hiyo inastahili jibu. Madhabahu ile ilikuwa ya Baali, ilijulikana kwa jina lake, na watu wa mji walitaka kumwua Gideoni kwa ajili yake. Masale hayana mungu. Ni mmea ambao kwetu huonyesha mpaka wa kihamba na mahali walipolala wazee, na mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani lake kuomba msamaha, naye aliyekosewa huona vigumu kulikataa. Anayeliita sanamu hajauliza linafanya kazi gani.

Yapo pia masuala ambayo Biblia haiyafungi kwa neno moja. Wakorintho walipouliza kuhusu nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu, Paulo aliwajibu kwamba sanamu si kitu, kisha akawakataza kula ikiwa kula kwao kutamkwaza ndugu aliye dhaifu. Aliwaruhusu kula chochote kiuzwacho sokoni bila kuulizauliza, na kukubali mwaliko wa asiyeamini, isipokuwa pale mtu atakapowaambia kwamba kitu hiki kimetolewa sadaka. Inachukua sura tatu nzima. Mtu aliyepima jambo kwa uangalifu kiasi hicho hangelimaliza kwa kelele pembeni ya kaburi lililo wazi.

Familia yetu imepewa mpaka mwisho wa mwezi huu kuyang'oa masale, la sivyo bibi atatengwa na ushirika. Kabla ya siku hiyo, namwomba mchungaji wetu aje kihambani asome pamoja nasi 2 Wafalme sura ya 5. Naamani, jemadari wa Shamu, amekwisha kuponywa ukoma na kuapa kwamba hatamtolea tena dhabihu mungu mwingine, lakini anamweleza Elisha kwamba atalazimika kuinama katika nyumba ya Rimoni, mungu wa kwao, bwana wake akiegemea mkono wake, na anaomba asamehewe kwa hilo. Nabii anamjibu aende kwa amani. Bibi ana umri wa miaka 84, na angependa kulisikia jibu hilo likisomwa nyumbani kwake.

Msomaji wenu,
Moshi Vijijini