Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Nani alimharakisha rubani?

Kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Nyando, Kaunti ya Kisumu. Mimi ni mwalimu. Jumamosi za mazishi, uwanja wa shule yetu hugeuka kituo cha helikopta za waheshimiwa. Watoto tumeshawafunza wasikaribie lile pangaboi la mkiani, na vumbi tumelizoea.

Sijazoea nilichosikia jioni moja. Saa kumi na moja ilikuwa imepita, wingu jeusi linashuka kutoka milima ya Nandi. Rubani akamwambia bosi wake kwamba ni heri walale Kisumu. Bosi akacheka mbele ya watu: "Kwani wewe ni rubani wa jua tu?" Wakaruka. Walifika salama, na kwangu hilo ndilo baya, maana ile kejeli ilionekana imeshinda hoja.

Helikopta hizi aghalabu huendeshwa kwa macho: rubani anaongozwa na ardhi anayoiona. Akizama winguni, sikio la ndani humdanganya. Huhisi amenyooka kumbe chombo kimelalia ubavu. Ilipoanguka helikopta iliyombeba Kobe Bryant, nyota wa mpira wa kikapu, kule Calabasas, Marekani, Januari 26, 2020, wakafa watu 9, wachunguzi walisema rubani alikosea kuendelea kuruka kwa macho mawinguni. Lakini hawakufunga faili hapo. Walitaja pia shinikizo alilojitwika la kumfikisha mteja, na kampuni iliyolegea katika usalama.

Hapa kwetu tukishasema "makosa ya rubani" tunaenda kuchimba kaburi. Marehemu hajibu. Busia mwaka 2003 ndege ilianguka, tukampoteza Waziri Ahmed Khalif. Oktoba 2017, helikopta yenye watu 5 ilitumbukia Ziwa Nakuru. Juni 5, 2018, ndege iliyotoka Kitale ikagonga milima ya Aberdare, wakafa watu 10. Sidai kwamba chanzo ni kimoja. Nauliza tu ni wangapi huku Magharibi waliowahi kusoma ripoti ya uchunguzi hata moja.

Kanuni za kimataifa zinataka ripoti ya awali ndani ya siku 30 na ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Isipowezekana, taarifa itolewe kila mwaka. Kwanza, naomba ripoti hizo zitolewe hadharani, na kwa Kiswahili, hata muhtasari tu.

Pili, Mheshimiwa, mlinde rubani anayekataa. Sheria inampa neno la mwisho, sawa. Ila mshahara wake unatoka kwa mwenye ndege, na mwenye ndege analipwa na yule yule aliyekaa kiti cha nyuma akitazama saa. Rubani akiandika kwamba hali ya hewa ilimzuia, asipoteze kazi kwa hilo, na anayemshurutisha ashtakiwe.

Kuna mazishi mengine Jumamosi hii, na mvua za alasiri zimeanza.

Wako mwaminifu,
Mwalimu, Nyando