Roboti huondoka, valvu hubaki

Mhariri,

Makala yenu kuhusu upasuaji wa moyo kwa roboti, wa kubadilisha valvu (milango ya moyo inayopitisha damu upande mmoja), imesifia kidonda kidogo na kurudi nyumbani mapema. Sawa. Ila imeishia pale ambapo maswali ya mgonjwa ndiyo kwanza yanaanza: miaka 10 au 15 baadaye hali itakuwaje?

Roboti haipasui yenyewe. Daktari hukaa pembeni kwenye vidhibiti, na mikono ya mashine hupita katikati ya mbavu za kulia kwa matundu ya takriban milimita 8. Valvu yenyewe huingizwa kwa mkato wa sentimita chache. (Msichanganye na TAVI, ambako valvu hupitishwa ndani ya mshipa kwa mrija.) Njia hii ilianza Ulaya mwaka 1998, Marekani ikaiidhinisha kwa valvu ya mitrali (iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) mwaka 2002. Kwa hiyo kumbukumbu za muda mrefu zipo, lakini nyingi ni za kurekebisha mitrali, si kuibadilisha, tena kwa wagonjwa waliochaguliwa na madaktari waliobobea. Kwa valvu ya aota, iliyo mwanzoni mwa mshipa mkuu utokao moyoni (aota), rekodi bado ni fupi; anayeahidi matokeo ya miaka 20 anakisia.

Kinachobadilishwa na roboti hasa ni wiki za mwanzo. Kidari hakikatwi, hivyo hakuna kungoja wiki 6 hadi 8 mfupa uunge. Kwa upande mwingine, moyo husimamishwa kwa muda mrefu zaidi, na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu husukuma damu kutoka kinena kupanda juu. Aota ikiwa na utando wa mafuta na chokaa, kipande kikibanduka huishia kwenye ubongo, nacho ni kiharusi. Ndiyo maana hupigwa picha ya CT ya mishipa kuanzia kifuani hadi kinena kabla ya kuamua. Mgonjwa asipoisikia ikitajwa, aulize.

Kuna kasoro moja inayoweza kujitokeza baadaye. Roboti nyingi hazimpi daktari hisia ya mguso. Ukazo wa uzi anaupima kwa macho. Fundo likilegea, au uzi ukichana nyama, damu huvuja pembeni mwa valvu. Hutokea pia kifua kikifunguliwa. Tundu dogo la uvujaji huo lina hila yake: chembe nyekundu za damu hupasuka zikipenya kwa kasi, mgonjwa akapungukiwa damu, macho yakawa ya manjano na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi.

Mengine huamuliwa na valvu. Ya tishu za ng'ombe au nguruwe kwa kawaida hudumu miaka 10 hadi 15. Kwa kijana huchakaa mapema, maana chokaa hujijenga juu yake haraka. Ile tunayoiita ya chuma, ingawa vipande vyake ni vya kaboni, yaweza kudumu maisha yote, lakini inadai warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku. Lengo la INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) kwa kawaida ni 2.5 hadi 3.5 kwa mitrali, na 2 hadi 3 kwa aota. Dawa mpya zaidi za kuzuia damu kuganda, dabigatrani na apiksabani, hazichukui nafasi ya warfarini. Majaribio ya dawa hizo mbili kwa valvu za chuma yalisimamishwa. Mwanamke anayetarajia kuzaa alizungumze hilo kabla ya kuchagua valvu, kwa kuwa warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mwenye valvu ya chuma huisikia usiku ikigonga, tik, tik. Mlio ukififia ghafla na pumzi ikabana, asingoje siku ya kliniki: huenda damu imeganda kwenye bawaba zake. Aende dharura saa hiyo hiyo.

Kabla ya kung'oa jino, mtu mzima mwenye valvu ya bandia, ya tishu au ya chuma, asiye na mzio wa penisilini humeza amoksisilini gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla, ili vijidudu visishike valvu. Homa isiyoeleweka ipimwe kwa kuotesha damu maabara kutafuta vijidudu kwanza, antibiotiki baadaye. Na aliyeharibiwa valvu na homa ya rumatiki huendelea na sindano za penisilini kila wiki 3 au 4. Wengi huziacha wakidhani valvu mpya imemaliza ugonjwa, kumbe valvu zilizobaki bado zinaweza kushambuliwa.

Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kifanyike ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Majibu yatunzwe pamoja na kadi yenye aina na ukubwa wa valvu kwa milimita. Daktari wa mwaka wa 12 atayahitaji ili alinganishe.

Wataalamu wa kliniki ya valvu za moyo